Dakika Kumi za Mzee wa Kaya

Likizo ya Agosti iliyopita nilialikwa katika kambi ya vijana huko Kwale ambayo, kwa mujibu wa bango lake, ilikusudiwa kufundisha utunzaji wa mazingira kupitia utamaduni wetu. Mzee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda wa Pwani ya Kenya, alitengewa dakika kumi, baada ya wimbo wa kuchangamsha na kabla ya chai. Mwenye projekta alipewa saa mbili atuonyeshe barafu inavyoyeyuka. Sina ugomvi na barafu.

Mzee hakuwa amefika mbali pale kijana mmoja alipokwanyua kijiti ukingoni mwa msitu, akaanza kuchokonolea meno. Mzee akanyamaza. "Mjukuu wangu," akasema, "kirudishe ulipokitoa." Vijana wakaangua kicheko, na mwongozaji akacheka kuliko wote, kisha akatazama saa yake. Yule kijana peke yake hakucheka; alikuwa amesimama, amekishikiza kijiti pale kilipokwanyuka, utomvu ukimchuruzika vidoleni, asijue afanye nini. Somo la siku nzima lilikuwa mikononi mwake, nalo likakatizwa ili watu wakanywe chai.

Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zake zikawekwa miongoni mwa zile zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Kabla ya hayo yote, misitu hiyo ililindwa na miiko yenye meno: hukati mti, huchungi mifugo ndani, hutoki na hata jani, na ukikosea unatozwa mnyama wa kutakasa. Hadi leo mgeni wa Kaya Kinondo hufungwa kaniki kabla ya kuingia. Waandaaji wetu wanaupenda mwiko ukiwa hadithi. Ukifika kwenye faini, wanatazama saa.

Nakiri, shingo upande, kwamba bila kambi ile wengi wa vijana wale wasingeukaribia msitu, na kwamba mwiko peke yake haumzuii mwenye msumeno wa injini. Lakini hapa Pwani wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mvi zao zikiwa ushahidi tosha. Kijana aliyezoezwa kumcheka mzee mbele ya kaya yake anarudi kijijini na nini?

Juzi nimeletewa ratiba ya mwaka huu. Mzee ameongezewa dakika tano.