Soma Jina Kabla ya Kutazama Muhuri

Wengi wanaokusanya vibali vya silaha vya Ujerumani vya enzi ya Vita Kuu ya Pili hupanga bei kwa kuangalia muhuri. Tai wa Wanazi akiwa amekolea wino na alama yao ya swastika inaonekana sawasawa, bei inapanda. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Uzito wa karatasi hizo uko kwenye nafasi zilizojazwa na karani wa polisi: jina, kazi, makazi, silaha inayohusika, tarehe. Humo ndimo unamwona mtu ambaye serikali ilimwamini na bastola, na ukiendelea kuuliza utawafikia wale ambao haikuwaamini.

Chukua Waffenschein, yaani kibali cha kubeba bastola, kilichotolewa wakati wa vita. Angalia tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ukikuta miaka mitatu, hapo pana siasa. Chini ya sheria ya 1928 kibali hicho kilidumu mwaka mmoja. Sheria ya Wanazi ya Machi 18, 1938 ndiyo iliyorefusha muda, na haikuishia hapo: ilishusha umri wa kununua silaha kutoka miaka 20 hadi 18, ikabakiza sharti la kibali cha kununulia kwa bastola peke yake, na bunduki ndefu pamoja na za marisau zikanunuliwa bila kibali hicho. Mwenye leseni ya mwaka ya uwindaji alisamehewa hata kwa bastola. Kwa hiyo ile hadithi inayorudiwa kila siku, kwamba Hitler aliwapokonya Wajerumani wote silaha, inakanushwa na vibali vyenyewe. Aliwalegezea kamba waliokuwa wake.

Masharti yalisema mwombaji awe mtu wa kuaminika. Lakini aaminike na nani? Tangu Desemba 1935 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walikuwa wameshaelekeza kwamba Wayahudi wasipewe vibali. Novemba 9, 1938 mkuu wa polisi wa Berlin, Graf von Helldorff, alitangaza kwamba Wayahudi wa mji huo wamenyang'anywa silaha 2,569 za kudunga na kukata, bunduki na bastola 1,702, na risasi zipatazo 20,000. Usiku huohuo masinagogi yakachomwa moto. Siku mbili baadaye amri ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Wilhelm Frick, ikawakataza Wayahudi wa nchi nzima kumiliki bunduki, risasi, visu vya kupigania na hata marungu.

Ndiyo maana nawashangaa wanaozidharau karatasi za kabla ya 1933, mwaka Wanazi walipotwaa madaraka, eti kwa sababu hazina swastika. Desemba 1931 jamhuri iliyotawala Ujerumani kabla ya Hitler, ikihangaishwa na mapigano ya mitaani kati ya Wanazi na wakomunisti, ilitoa amri ya dharura iliyoruhusu mamlaka kuwataka watu wasajili silaha zao. Nia ilikuwa kuzuia damu isimwagike. Alfred Flatow, Myahudi wa Berlin aliyeiletea Ujerumani ushindi wa mazoezi ya viungo katika Olimpiki ya Athens 1896, alitii: Januari 1932 alikwenda polisi na kusajili bastola zake. Oktoba 1938 alikamatwa kwa kuwa nazo. Alikuwa mzee wa miaka 69. Alifia kambi ya Theresienstadt mwaka 1942.

Sisemi kwamba bastola zile zingemwokoa. Wayahudi hawakufika hata asilimia moja ya watu wa Ujerumani, na jeshi lililowakabili liliangusha dola nzima za Ulaya. Wanaoitumia habari ya Flatow kama silaha katika mabishano ya leo ya Marekani kuhusu haki ya kumiliki bunduki wanamkosea heshima. Ninachosema ni kwamba stakabadhi ya usajili ya 1932, hata ikiwa imechanika na haina tai wa Nazi, inaeleza mengi kuliko kibali safi cha 1943 kilichowekwa kwenye fremu.

Kwa hiyo, unayeuza bastola, usiitenganishe na karatasi yake ili upate bei mbili. Wala usifute jina ili mnunuzi asiulize maswali. Piga picha pande zote mbili, andika karatasi ilitoka familia gani na mji gani, kisha peleka nakala kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji huo. Kuonyesha swastika hadharani ni kosa Ujerumani, lakini sheria inaacha mlango wazi kwa utafiti na mafunzo ya historia, na mkusanyaji makini anastahili kupita humo.