Si Mjane, Wala Si Mke wa Mtu

Kisauni, Mombasa, yupo mama mmoja ninayemfahamu ambaye kila anapojaza fomu ya basari hukwama kwenye mstari uleule: baba, hai au marehemu. Mumewe alichukuliwa usiku na watu wenye silaha wasiovaa sare, wakamwingiza garini, na tangu usiku huo hakuna kituo cha polisi kilichokiri kuwa naye, hakuna mahakama alikofikishwa, wala mochari alikoonekana. Akiandika hai, ataulizwa mbona baba mwenyewe hakuja kutia sahihi. Akiandika marehemu, atadaiwa cheti cha kifo. Mara ya mwisho nilipokaa naye aliuacha mstari huo mtupu, akaikunja fomu taratibu, akaitia katika bahasha ya kaki pamoja na kikaratasi chenye namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ambacho ndicho kitu pekee alichowahi kupewa na serikali kuhusu mumewe.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na haki hiyo tunaidai kwa sauti kubwa, kama inavyostahili. Tusilolidai vya kutosha ni haki ya waliobaki nyumbani. Kwa mujibu wa kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi, mtu ambaye habari zake hazijasikika kwa miaka 7 na wale waliotarajiwa kuzisikia huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vingine. Katika miaka hiyo mtoto aliyeachwa akinyonya ataanza shule, na huku nyuma akaunti ya benki iliyo kwa jina la baba haiguswi, kiwanja hakihamishiki, mirathi haifunguliwi. Hata muda huo ukitimia, anayelazimika kusimama mbele ya hakimu na kutamka neno kifo ni mke, ilhali dola inayoshukiwa kumchukua mtu wake hailazimiki kutamka lolote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama huyu hakukaa eda, kwa kuwa hakuna maiti iliyooshwa wala kuswaliwa. Fikihi inamtambua mafkudi, mtu asiyejulikana aliko, na kadhi anaweza kulisikiliza shauri la ndoa yake. Lakini mamlaka ya Mahakama ya Kadhi yanaishia kwenye hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, na hayafiki kwenye jalada la polisi.

Argentina iliupita mtego huu mwaka 1994. Sheria yake namba 24.321 iliruhusu mahakama itangaze kuwa mtu hayupo kwa sababu ya kutoweshwa, bila kuilazimisha familia iseme amekufa, na ushahidi uliotakiwa ulikuwa malalamiko yaliyokwisha kuwasilishwa kwa mamlaka husika. Mwaka huohuo sheria nyingine, namba 24.411, ikaweka fidia. Baadhi ya Akina Mama wa Plaza de Mayo, ambao watoto wao walitoweshwa na utawala wa kijeshi, waliikataa fidia hiyo, na nawaelewa, kwa maana pesa ikitangulia ukweli hufanana na bei ya kunyamaza.

Mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa, katika kifungu cha 24, humhesabu kuwa mwathiriwa kila aliyepata madhara ya moja kwa moja kutokana na kutoweshwa huko, na huzitaka nchi zishughulikie ustawi wa jamaa hao, fedha zao, mambo yao ya ndoa na mali zao. Kenya iliutia sahihi Februari 2007, lakini haijauridhia. Naomba Bunge liuridhie, kisha litunge sheria ya cheti cha kutoweshwa, kitakachotolewa na Mahakama Kuu baada ya miezi michache, si miaka 7, na kitakachomwezesha mke au mzazi kusimamia mali, kupata basari na kulipwa stahili za kazi za mtu wake.

Nilipomweleza mama huyu wazo hilo, swali lake la kwanza lilikuwa iwapo, wakishampa karatasi hiyo, wataacha kumtafuta mumewe. Kwa ajili yake, sheria hiyo iandike waziwazi kwamba cheti hakifungi jalada la uchunguzi, na kwamba polisi watawajibika kuieleza familia, kwa maandishi na kwa vipindi maalumu, wamefikia wapi.