Kanuni Sita Zilizokuwa Moja

Kwa kuwa mwenzangu niliyeendesha naye mafunzo amekwisha kusambaza toleo lake kwenye kundi la WhatsApp, ambamo inadaiwa kuwa nililia mbele ya walimu 30, naomba niliweke sawa jambo hili mwenyewe kabla halijavuka ziwa: sikulia. Lile lilikuwa jasho, na yeyote aliyewahi kukaa ukumbini Mwanza saa nane mchana umeme ukiwa umekatika hatanibishia.

Kosa lilianzia kwenye sifa za siku ya kwanza. Sisi tunaoandaa wakufunzi wa stadi za kuishi na watu wa tamaduni nyingine tuna mfano wetu maarufu, unaohusishwa na mwanaanthropolojia Edward T. Hall na kitabu chake cha mwaka 1976, unaoufananisha utamaduni na mlima wa barafu ambao sehemu yake kubwa imezama baharini. Mimi niliuacha mlima huo huko huko kwenye baridi, nikawaambia walimu wafikirie Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio ziwani pale Kamanga: tunachokipiga picha ni kile kilicho juu, ilhali kinachokibeba kiko majini. Walipiga makofi, na mzee mmoja akaniita mwalimu wa walimu. Mwenye busara angeagana nao hapo hapo.

Siku ya pili nikaleta Barnga, mchezo wa karata uliobuniwa na Sivasailam Thiagarajan mwaka 1980 alipokuwa Liberia. Ujanja wake ni kwamba kila meza hupewa karatasi ya kanuni zake bila kuambiwa kuwa ni zake peke yake: hapa ree ni kubwa, pale ni ndogo, hapa turufu ni shupaza, kule hakuna turufu kabisa. Wakishazikariri, karatasi hukusanywa, kuzungumza hupigwa marufuku, kisha washindi na walioshindwa huhamishwa meza, na kila mgeni huona kuwa wenyeji wanamwibia. Hasira hiyo ndiyo somo lenyewe.

Nilikuwa na kanuni za aina sita kwa meza sita. Asubuhi nilimkabidhi kijana wa fotokopi bahasha yenye karatasi hizo sita, nikamwambia, "Nitolee nakala 30," nikaenda zangu kunywa chai na chapati. (Ninyi mnaonifuata hapa mmekwisha kuelewa. Mimi nilihitaji saa nzima zaidi.)

Mchezo ulikwenda kwa amani ya kutisha. Watu walihama meza, wakakaribishwa kwa tabasamu, wakashindwa kwa adabu. Badala ya kushtuka, nilijiambia kuwa huo ndio upole wa watu wa Kanda ya Ziwa. Naam, mimi, niliyelipwa posho ili nifundishe watu wasihukumu kabila kwa mkupuo. Nikauliza walijisikiaje walipogundua kuwa wenzao wanacheza kwa kanuni nyingine. Kimya. "Hakuna aliyeona tofauti yoyote?" "Hakuna, mwalimu." Hapo ndipo nilipochora ubaoni ngazi ya mtafiti Milton Bennett ya mwaka 1986, yenye hatua sita kuanzia kuikana tofauti ya tamaduni hadi kuifanya sehemu ya nafsi yako, nikaizungushia duara hatua ya tatu, ile ya mtu anayeamini kuwa binadamu wote kimsingi ni kama yeye, na kwa robo saa nikawaeleza walimu wenye uzoefu wa miaka 20 darasani kwamba wamekwama hapo.

Mama mmoja kutoka Ukerewe, mwenye umri wa mama yangu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, samahani." Akafungua mkoba polepole, akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa. Kisha akatoa karatasi ya kanuni iliyokunjwa mara nne, ambayo alikiri kuwa aliificha ili akawafundishe wajukuu. Akaja mbele kwa mwendo wake, akachukua karatasi ya meza ya pili kutoka kwenye rundo langu, akaibandika juu ya yake na kuziinua zote mbili dirishani. Mwanga wa ziwa ukapenya. Maneno yalilaliana herufi kwa herufi, hata doa la wino lililo kwenye neno "turufu" lilikaa juu ya mwenzake. Akachukua ya meza ya tatu. Doa. Ya nne. Doa. Hakuna aliyecheka bado, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "tofauti tungeitoa wapi?"

Hapo ukumbi ulilipuka, jasho likanitoka, mwenzangu akatoa simu. Niliomba radhi, tukala sato, tukacheza upya kwa karatasi sahihi huku kila mtu akijua mtego uko wapi. Sasa naitwa Hatua ya Tatu hadi kwenye feri ya Kamanga.

Jioni nilisoma fomu za tathmini. Mmoja ameandika kwa mwandiko mzuri sana: "Mchezo wa karata ulifana, ila ugomvi tulioahidiwa haukuletwa."