Padre Aitwe Mapema, Morfini Nayo Isicheleweshwe

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliorodhesha mahitaji 14 ya msingi ya mgonjwa. La 11 ni kuabudu kwa imani yake. Wauguzi wetu wanalisoma chuoni, kisha wodini linaishia kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa: "Dini: RC", yaani Mkatoliki. Kwa hospitali yenye msalaba ukutani, hilo halitoshi kabisa.

Matokeo yake padre anaitwa usiku wa manane, mgonjwa hajitambui. Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu, ataupata, lakini kuungama hawezi tena, na Komunyo haipiti kooni. Ndugu nao wengi bado wanauita "mpako wa mwisho". Wakimwona padre, kilio kinaanza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulishasema mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Wakati wake ni pale ugonjwa au uzee unapoanza kuhatarisha maisha. Muuguzi awaeleze ndugu hivyo mapema, mgonjwa angali anaongea.

Utaratibu ni kitubio (kuungama), mpako kwenye paji la uso na mikono, kisha Komunyo. Vuta pazia na uwaombe ndugu watoke, maana maungamo wodini husikika hadi kitanda cha pili. Anayepaliwa apewe chembe tu ya hostia, yaani mkate wa Komunyo, akiwa ameinuliwa. Sharti la kufunga kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo halimbani mgonjwa, wala anayemuuguza. Na kama kuna oksijeni, mshumaa usiwashwe!

Linaloniuma zaidi ni maumivu. Wapo wanaoamini kwamba Mkatoliki mwema huvumilia tu, au kwamba kumpa mtu morfini, dawa kali ya maumivu, ni kumuua. Papa Pio XII aliwajibu madaktari mwaka 1957: kutuliza maumivu ni halali hata kama dawa yaweza kufupisha maisha, maadamu kifo hakikusudiwi na hakuna njia nyingine. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia morfini, daktari mara nyingi humwanzishia miligramu 5 za kunywa kila saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku hiyohiyo. Hiyo ya pili ikisahaulika, choo hufunga, tumbo linajaa, na mgonjwa anaikataa morfini yenyewe. Usingizi wa mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo ukichelewa kuianza, padre atamkuta mgonjwa anasinzia au anagugumia kwa maumivu.

Mwislamu aliye kitanda cha jirani ana hitaji lilelile la 11. Aulizwe kama aitiwe imamu, na akitaka alazwe kuelekea kibla, kwetu Tanzania ni kaskazini.