Okoteza kila kitu, dohani nunua

Nimetazama tena video ya jamaa anayetengeneza jiko la kuni la karakana kwa mtungi wa gesi wa zamani, na nimeudhika. Sitaki kumnyima haki yake: mkono anao. Mikato safi, bawaba kazitengeneza kwa boliti kuukuu, mlango umekaa kwenye fremu yake bila kuyumba. Kisha, mwishoni kabisa, kamera inageuka kuonyesha moshi unakotokea. Bomba la bati la mfereji wa mvua! Limepitishwa kwenye tundu la dirisha, limepindwa viwiko viwili, na huko nje linaishia chini ya ukingo wa paa. Jamaa anavuta kiti, anaunyooshea moto viganja, anasema: joto la bure hilo.

Bure, naam. Mpaka paa liwake.

Kinachoniudhi si yeye peke yake. Karibu kila anayeonyesha jiko la kujitengenezea anajivunia sanduku, yaani mwili wa jiko. Mlango, kidirisha cha kioo, miguu iliyopinda kwa madaha, jina la karakana limekatwa kwenye chuma. Dohani, yaani bomba la kutolea moshi, inapewa sekunde chache, na mara nyingi ndiyo imeokotezwa vibaya kuliko vyote. Sanduku ni mahali pa kuwekea kuni, basi. Mashine yenyewe ni lile bomba.

Hebu fikiria linavyofanya kazi. Hakuna feni wala umeme. Gesi ya moto iliyojaa ndani ya dohani ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje ya urefu uleule, na tofauti hiyo ndogo ya uzito ndiyo nguvu yote uliyonayo ya kuvuta moshi juu na kuingiza hewa mpya kwenye kuni. Ukirefusha bomba, mvuto unaongezeka. Ukiliacha lipoe, mvuto unakufa. Kila kiwiko kinakula sehemu yake. Sasa chukua bomba fupi, jembamba, lipinde mara mbili, lipitishe nje kwenye baridi, halafu ushangae kwa nini ukifungua mlango moshi unakupiga usoni. Utalaumu kuni, utalaumu upepo, utaongeza matundu ya hewa mlangoni. Bomba hutaligusa.

Hata Benjamin Franklin, mtu mwenye akili zake, alijikwaa hapo hapo. Mwaka 1744 alichapisha kijitabu cha kulieleza jiko lake la chuma, na akakataa hataza (haki ya pekee ya kulitengeneza na kuliuza) aliyopewa, jambo ambalo namheshimu nalo mpaka leo. Lakini katika jiko lile moshi ulilazimishwa kushuka kwanza kabla ya kupanda dohani, na bila dohani iliyokwisha kupata moto wa kutosha halikuvuta vizuri. Waliokuja baada yake ndio walioirekebisha njia ya moshi ndipo watu wakalifurahia.

Moshi kurudi ndani ni kero tu, afadhali. Hatari ni kile kinachobaki ndani ya bomba. Moshi wa kuni umebeba mvuke wa maji pamoja na lami ambayo haikuungua. Ukipoa ndani ya dohani hadi chini ya nyuzi 120 hivi, vyote hivyo vinagandamana ukutani, na hiyo ndiyo kreosoti. Mwanzo ni unga mweusi unaotoka kwa brashi, baadaye magamba, mwisho lami ngumu inayong'aa ambayo brashi haiiwezi. Na wanaoilisha kreosoti kwa bidii ni wale wanaojaza kuni jioni na kubana hewa ili moto ulale polepole hadi asubuhi. Kisha siku moja ya baridi kali unawasha moto mkubwa, ile lami inashika, na dohani inaanza kunguruma. Joto la moto wa namna hiyo linaweza kupita nyuzi 1,000. Pembeni yake kuna nini? Karakana: boriti za paa, maranda sakafuni, vumbi la mbao limelala kwenye kila ukingo, makopo ya vanishi rafuni.

Na lile bati la mfereji lina zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na likipata moto mkali zaidi inatoa moshi mweupe ambao wachomeleaji wanaujua vizuri: jioni unatetemeka kama mwenye malaria, kifua kimebana, mdomoni ladha ya chuma. Sasa mtu anayevaa barakoa akichomelea mabati anakwenda kulifunga bati lilelile juu ya moto, chumbani, milango imefungwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pesa uliyookoa kwenye sanduku ihamie yote kwenye dohani. Ndani ya chumba, bomba jipya la chuma cheusi, nene. Linapopenya dari na paa, na sehemu yote iliyo nje, bomba la kuta mbili lenye kihami joto katikati, ili mbao za paa zisiungue na moshi usipoe kabla haujatoka. Lisimame wima, kadiri jengo linavyoruhusu. Shingo ya jiko ikiwa na kipenyo cha milimita 150, bomba liwe milimita 150 mpaka juu kabisa. Usilibane katikati kwa sababu umepata kipande cha bure cha milimita 100. Na litoke juu kweli. Kanuni inayofuatwa Marekani inasema dohani ipande angalau sentimita 90 kutoka pale inapopenya paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3. Sijaona sababu ya kubishana nayo.

Halafu viungo. Hapa huwa natazama video nikiisemesha simu. Ncha nyembamba ya kila kipande inaangalia chini, kuelekea jiko, inaingia ndani ya kipande kilicho chini yake. Watu wengi wanaigeuza juu, eti moshi unapanda, usije ukavuja kwenye maungio. Dohani inayovuta haivujishi moshi. Hewa ya chumbani ndiyo inayonyonywa kuingia. Kinachovuja ni majimaji meusi ya kreosoti yanayoshuka. Ukiweka ncha vizuri yanarudi kwenye moto na kuungua. Ukigeuza, yanachuruzika nje ya bomba, yanakaukia hapo, na karakana nzima inanuka masizi ya zamani. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu. Udongo wa kuzibia peke yake hautoshi.

Nilipoyasema haya kwa rafiki yangu mchomeleaji alinijibu, "Kaka, moshi hauna macho, utapita popote." Ni kweli, na mapafu yake ni mojawapo ya hapo popote.

Haya, nikubali yanayonibidi kukubali. Bomba la kuta mbili linaweza kugharimu kuliko jiko lote na vifaa vyake, na linauma kulinunua wakati sanduku umelipata jalalani. Wapo pia watu waliokaa na bomba la kuokoteza miaka na miaka bila kuungua. Hongera zao. Na jiko la kiwandani lililopimwa ni salama kuliko la kwangu au la kwako, na kama karakana ina bima, soma masharti kwanza.

Sanduku lenyewe halinisumbui sana, mradi mambo machache yazingatiwe. Mtungi wa gesi toa vali, ujaze maji hadi shingoni kabla ya kuugusa kwa grainda. Kuuacha wazi wiki nzima hakutoshi, maana propani, gesi ya mtungini, ni nzito kuliko hewa na inatulia chini, na ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Pipa la lita 200 ni jembamba, karibu milimita moja, litatoboka usipolipanga matofali ya kuhimili moto ndani. Usitumie mawe ya mtoni, yana maji ndani na hupasuka. Miguu au chanja ya mabomba yaliyozibwa ncha zote itobolewe matundu, kwa sababu unyevu uliofungiwa mle ukigeuka mvuke haukuombi ruhusa. Kamba ya kuziba mlango iliyotoka kwenye jiko la zamani usiitumie, huenda ni asbesto, ambayo nyuzi zake hudhuru mapafu. Na sanduku likae sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao.

Kuni: zilizokauka chini ya asilimia 20 ya unyevu. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako utashinda ukiyachemsha. Vipande vya plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), mbao za rangi na mbao zilizotiwa dawa havichomwi, hata kama vimejaa pipani na vinakutazama. Mbao nyingi za zamani zilitiwa dawa ya shaba, kromi na arseniki, ambayo ni sumu. Ukizichoma, arseniki nyingine inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu unayoyazoa kwa mikono.

Limebaki moja ambalo wenye karakana za useremala wanalisahau: mashine ya kufyonza vumbi. Ikiwa inatupa hewa nje, na chumba kimezibwa vizuri ili joto lisitoroke, hewa ya kuziba pengo itatoka wapi? Kwenye dohani. Feni ile ina nguvu kuliko mvuto wowote wa bomba lako, kwa hiyo moshi unageuka na kurudi chini. Nimemwona seremala aliyekuwa akisema jiko lake lina wivu na randa ya umeme: kila akiwasha randa, na kifyonzaji nacho kinawaka, jiko linatapika. Alikuwa anacheka. Moshi angalau unauona. Kabonimonoksaidi inayokuja nao haina rangi wala harufu, na inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tulitoboa ukuta karibu na jiko, tukaleta hewa ya nje kwa bomba lake lenyewe, kutapika kukaisha. Kihisi cha kabonimonoksaidi alitaka kuchukua cha zamani kilichotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Vina tarehe ya mwisho, imeandikwa nyuma. Cha kwake kilikuwa kimeshapita.