Ankara za ng'ambo na sarafu za kidijitali: hesabu ya mfanyabiashara wa Tanga

Mnunuzi wa singa za mkonge aliyeko Ulaya, au mgeni anayetaka kukodi banda la ufukweni Ushongo, siku hizi anaweza kuuliza kama mnapokea USDT (sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye dola, moja kwa dola moja) au Bitcoin. Wanaoshabikia watakwambia kubali, benki zinakunyonya. Wanaoogopa watasema huo ni utapeli mtupu. Wote wawili wanaruka hesabu, na hesabu yenyewe inabadilika kulingana na mteja alipo na ukubwa wa ankara.

Kwa mteja wa ndani, sheria inaumaliza mjadala mapema. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa taarifa kwa umma kwamba shilingi ndiyo fedha halali nchini, na kwamba kutumia sarafu hizi kunakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hii, na wapo walioyachukua maneno yale kama ruhusa. Hayakuwa ruhusa. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, inayokatwa na mwenye jukwaa au anayewezesha muamala. Kutozwa kodi si sawa na kuhalalishwa, ingawa mtaani mambo hayo mawili huchanganywa. Mwaka 2025 zikaja kanuni zinazokataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kama hata dola haitakiwi kwenye ankara ya mteja wa Chumbageni hapa Tanga, sarafu iliyofungwa kwenye dola itapitia mlango gani? Isitoshe, mteja huyo ana simu yenye pesa na anakulipa kwa dakika moja. Hakuna tatizo la kutatuliwa hapo.

Mteja wa nje ndiye mwenye hoja ya kweli. Tuchukulie ankara ya dola 1,200. Kwa benki, makato ya mtumaji na ya benki inayopitisha fedha njiani yakifika dola 35, na kiwango cha kubadilishia kikakugharimu asilimia 1.5, yaani dola 18, umepoteza dola 53 na kusubiri siku kadhaa. Kwa USDT, tuseme mtandao unakata dola mbili hivi, na fedha zinafika ndani ya dakika. Ukiziuza kwa mtu binafsi kupitia soko la mtandaoni la sarafu kwa pengo la bei la asilimia 1.5, jumla ya gharama ni dola 20. Umeokoa 33. Lakini ile asilimia 3 ikikatwa, inahesabiwa kwenye malipo yenyewe wala si kwenye faida, nayo ni dola 36. Nafuu yote imekwisha, na umebaki na dola tatu za hasara.

Sasa panda hadi ankara ya dola 20,000. Makato ya benki yanabaki yale yale 35, na kwa kiasi hicho unaweza kukaa na meneja mkaongea kiwango, pengo likashuka hadi asilimia 1. Gharama ni dola 235. Upande wa USDT, pengo la asilimia 1.5 peke yake ni dola 300 kabla ya kodi. Kwa hiyo anayesafirisha mwani kwa kontena hana sababu ya kuhangaika. Kama nafuu ipo, ipo kwenye ankara ndogo ndogo za nje.

Faida moja isidharauliwe: muamala wa sarafu ukithibitishwa haurudi. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa na mgeni miezi kadhaa baada ya kulala, kula na kuondoka, na wenye nyumba za wageni wanaujua uchungu huo. Ila upanga huo unakata pande zote mbili, maana kosa lako nalo halirudi.

Na makosa yako mengi. USDT ipo kwenye mitandao tofauti: anwani (namba ya kupokelea sarafu) ya mtandao wa Tron huanza na T, ya Ethereum huanza na 0x. Mteja akituma kwa mtandao ambao soko lako halipokei, fedha zinaweza kukwama kabisa, hivyo ankara itaje mtandao, si jina la sarafu tu. Wapo pia matapeli wanaokutumia senti kutoka anwani inayofanana na ya mteja wako herufi za mwanzo na za mwisho, wakitegemea utanakili anwani hiyo kwenye historia siku ya kurudisha fedha. Soma anwani nzima. Wala usirejeshe fedha kwenye anwani zilikotoka, maana huenda ni ya soko la mtandaoni na si ya mteja; muombe anwani mpya. Ukiuza kwa mtu binafsi, jina linalokuja kwenye meseji ya M-Pesa lifanane na jina la mnunuzi sokoni. Fedha ikija kwa jina la mtu wa tatu, inaweza kuwa ya wizi, na akaunti itakayofungiwa ni yako.

Bitcoin kwa ankara siishauri hata kidogo. Mwaka 2022 ilianza ikiwa juu ya dola 46,000 na kumalizika karibu na 16,500. Sarafu zilizofungwa kwenye dola ni tulivu zaidi, lakini Machi 2023 USDC, nyingine ya aina hiyo, ilishuka kwa muda hadi karibu senti 87, baada ya Silicon Valley Bank, iliyoshika sehemu ya akiba yake, kuanguka.

Vitabu ndivyo vinavyosahaulika. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inataka thamani ya mauzo kwa shilingi, si idadi ya sarafu. Ukipokea sarafu zenye thamani ya shilingi 3,000,000 ukaziuza wiki ijayo kwa 2,700,000, mauzo yako yanabaki milioni tatu. Zile laki tatu ni hasara ya jambo jingine, na mhasibu aiandike peke yake. Hifadhi namba ya muamala, saa, kiwango cha siku hiyo na ankara pamoja.

Ipo njia ya kati: kampuni ya malipo ya nje inapokea sarafu kwa mteja, wewe unaletewa dola benki. Ankara yako inabaki ya dola, na hushiki sarafu yoyote. Kampuni za namna hiyo hutoza kama asilimia 1, lakini makato ya kutuma dola hadi benki yako Tanga yanarudi pale pale, labda ukubali kulipwa mara moja kwa mwezi. Hiyo inamfaa mwenye mabanda anayetoa ankara kumi na tano ndogo kwa mwezi, si mwenye shehena moja. Hata yeye aulize mambo mawili kabla ya kuanza: kampuni hiyo inawapokea wafanyabiashara waliosajiliwa Tanzania? Na benki yake, ikiona fedha hizo zinaingia, itazikubali kwa maelezo gani? Jibu la benki liwe kwa maandishi, kabla ankara ya kwanza haijatoka.