Kabro Tuliichangia Wenyewe

Kwenye kibanda cha mlinzi wa kanisa letu, juu ya ubao anaowekea redio na chupa ya chai, kuna mipira minne. Mmoja wa ngozi, umeisha upepo. Miwili ni ile ya plastiki ya dukani inayopasuka kabla ya wiki kuisha. Wa nne ni wa matambara yaliyokazwa kwa kamba ya katani, na aliyeufunga anajua kazi, maana ukiudondosha unadunda. (Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2017 ungekuwa wa juala, kama yetu ya utotoni.) Yote minne ilinyakuliwa kutoka kwa watoto waliokutwa wakicheza kwenye uwanja wa kanisa. Samahani, nimesema uwanja. Siku hizi ni maegesho.

Nilikuwa nimefuata ule wa ngozi, ni wa binti yangu. "Mama, mimi sina neno," mlinzi akaniambia, "ni amri ya kamati." Amri hiyo naijua. Miaka mitatu iliyopita palipofanywa harambee ya kuweka kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini, nilisimama nikatoa shilingi elfu mbili, nikapigiwa makofi na nikaketi nikijisikia vizuri.

Sababu zilikuwapo. Huu ni upande wa Eastlands, Nairobi, na udongo wetu mweusi mvua ikinyesha unapanda na viatu hadi madhabahuni. Akina mama wa usafi walikuwa wamechoka. Sikatai. Ila hakuna aliyeuliza wale watoto thelathini na kitu wa kila jioni wangehamia wapi. Nami sikuuliza.

Sasa sikiliza tunacholalamikia.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili, ni kipa. Timu yake ya mtaa iko kwenye ligi ya watoto, na mechi zao nyingi ni Jumapili saa mbili asubuhi, wakati wa ibada ya kwanza. Mzee mmoja wa kanisa alinishika pembeni akaniambia kwa upole kwamba wazazi Wakristo tumeuza siku ya Bwana kwa mpira. Akanisomea Paulo kwa Timotheo, kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo.

Kidogo, mzee, si sufuri. Hilo nililijibu moyoni, kwa sababu mzee ni mzee.

Lakini swali lake lilinikaa, nikaenda kumuuliza kocha: kwa nini Jumapili? Akanipa ratiba niisome mwenyewe. Uwanja ni mmoja. Jumamosi asubuhi umechukuliwa na timu za wakubwa, mchana kuna ligi nyingine, jioni wapo waliolipia. Katikati ya wiki watoto wako shule. Wanabakiziwa ile saa ambayo hakuna mtu mzima anayeitaka. Si njama ya shetani dhidi ya ibada. Ni uhaba wa ardhi, na sehemu ya uhaba huo tumeufanya sisi, kwa kabro ya kijivu na nyekundu iliyopangwa mtindo wa zigizagi. Na jirani yangu Msabato ana haki ya kucheka, maana mwanawe hukosa zile mechi chache zinazoangukia Jumamosi na hakuna kamati iliyowahi kuketi kumlilia.

Pasta wetu hupenda kutukumbusha Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mbio za mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili. Ni kisa kizuri na mimi hukisimulia nyumbani. Hukisimulia hadi mwisho, hata hivyo: alikimbia mita 400 siku nyingine na akashinda dhahabu. Dhamiri yake aliilinda kwa sababu palikuwa na siku nyingine na mbio nyingine. Binti yangu akikataa mechi ya Jumapili, Jumatatu anadaka wapi?

Na tusiwe wanafiki. Tarehe 10 Agosti 2025, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, walipocheza na Morocco uwanjani Kasarani kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilikuwa Jumapili. Nusu ya kanisa ilikuja na jezi chini ya koti. Ibada ya pili iliisha mapema kwa njia ambayo sijaiona tangu nibatizwe. Tulishinda 1-0 na jioni hiyo hakuna aliyemtaja Timotheo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walikwenda Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA, na wakaifunga Mexico 2-1. Kanisani tuliwaombea. Vizuri. Lakini wasichana hao walijifunzia mahali fulani, na mahali hapo hapakuwa na magari.

Nikaandika barua kwa kamati. Niliomba Jumamosi tu, saa nane hadi saa kumi, kwa kuwa hapo maegesho huwa na gari la pasta na Probox ya mwanakwaya mmoja. Watoto wafagie kabla na baada. Wazo hilo si langu: MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, tangu ilipoanzishwa mwaka 1987, imezoesha timu zake kupata alama za ligi kwa kusafisha mtaa. Nikamalizia na Zekaria sura ya nane, pale nabii anapoiona Yerusalemu iliyorejeshwa na mitaa imejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Nilitaka kuongeza kwamba hakuona maegesho, nikajizuia.

Kikao kilichukua saa mbili, zaidi ya saa moja juu ya vioo vya madirisha. Mhasibu aliuliza nani atalipa. Mama mmoja ambaye kwa kawaida hanyanyui mkono alisema mwanawe wa miaka kumi na minne siku hizi jioni anakaa kwenye kibanda cha michezo ya kubahatisha, na kabla ya kabro alikuwa hapa. Hakuongeza neno. Kimya kikapita, kisha tukarudi kwenye vioo.

Jibu lilitoka Jumatano. Tumepewa Jumamosi nne za majaribio, kwa sharti kwamba mpira usipande juu ya goti.

Nilimsomea kipa wangu. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa glavu kwenye beseni, akazikamua, akazianika dirishani.